Gumegume kwa Nyumba ya Miono

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi nimefyatua tofali mia nne na ishirini. Kumi na moja zimevunjika kabla ya kukauka. Mchanga una udongo mwingi. Nilimwambia muuzaji, akabisha. Fuso limerudi na kokoto za Lugoba, dereva wangu Maganga amelipaki na kwenda zake. Nimekula wali wa jana nikiwa nimesimama. Nikikaa mezani peke yangu chakula hakishuki.

Shabani amepiga simu. Mdogo wangu, tumbo moja. Mara ya mwisho ilikuwa Idi, na hapo nilipiga mimi. Nyumba ya mama kule Miono, ile iliyoanguka kwa masika, ameshaisimamisha upya. Bati, sakafu ya saruji. Anahamia Jumapili ya tarehe 20. Nilisema hongera. Hakupiga kwa ajili ya hongera. Amepiga kwa sababu jiwe limepotea.

Jiwe la gumegume, lile la mama la kupigia moto. Kwetu nyumba mpya haiingiliwi na kiberiti, wala kaa la kwa jirani. Kiberiti kimenunuliwa, kaa limeazimwa. Moto wa kwanza kwenye mafiga utoke kwenye jiwe na chuma, usidaiwe na mtu. Na anayepiga ni binti mkubwa wa tumbo. Yaani mimi. Chuma kimeonekana kwenye kifusi. Jiwe hakuna.

"Da Zuhura, wewe ndiye mtu wa mawe," amesema.

Miaka ishirini nauza mawe. Leo ndiyo wameona.

Sikukataa. Nilisema nitaangalia.

Jumatano, 9 Julai

Nimeangalia. Uani kwangu kuna mawe ya kujaza fuso sita, na hakuna hata moja linalofaa.

Nilichukua kipande cha nondo, nikapiga kila aina. Kokoto la Lugoba: mapigo ishirini, cheche sifuri, vumbi tele. Jiwe jeupe linalometameta, lile ambalo mafundi wanapenda kupanga kwenye maua: mapigo ishirini, sifuri, limepasuka mkononi na kunikata. Tumbawe la pwani sikulihangaikia. Laini kama muhogo wa kuchemsha.

La mama nalikumbuka vizuri. Dogo, kama sabuni ya kipande iliyotumika nusu. Rangi ya asali ya nyuki wadogo, na upande mmoja ganda jeupe kama la muhogo. Likivunjika linavunjika kama chupa, makali ya kunyolea. Alilifunga kwenye kitambaa pamoja na tasbihi.

Vijana wa mashine wamenitazama nagonga mawe na nondo toka asubuhi. Hakuna aliyeuliza. Wananiogopa. Nimewazoesha hivyo, sina wa kumlaumu.

Alhamisi, 10 Julai

Niandike kwa nini sitaki kwenda. Hapa hakuna anayesoma.

Kabla ya moto kuna kutema maji. Wote wa tumbo, yaani uzao wa bibi mmoja upande wa mama, wanabeba maji mdomoni. Mwenye kinyongo anatema, kisha anakisema mbele za watu, na aliyemkosea anajibu. Asiye nacho anatema, anasema "sina neno." Kwisha. Wanasema akibaki hata mmoja na kinyongo kifuani, moto haushiki.

Mimi ninacho.

Mama alifariki alfajiri, mwaka juzi. Mimi na Maganga tulikuwa tunatoka Morogoro na mzigo. Vigwaza ekseli ikakatika. Nikamwacha Maganga na gari, nikapanda pikipiki. Nilipofika Msata nikampigia Shabani. Nikamwambia, nisubirini nimwone uso tu, mkishanionyesha mkamzike. Akasema, "Sawa, njoo."

Msata hadi Miono kwa pikipiki ni saa moja. Nilipofika wanaume walikuwa wameshatoka makaburini. Wananawa mikono.

Sikupiga kelele. Nilikaa na wanawake wengine, nikapewa pole kama mgeni. Sikumwuliza siku ile, wala arobaini, wala Idi nne zilizopita. Namsalimia, ananisalimia. Nafsi inasema alijua kabisa nilikuwa wapi. Alisema sawa, njoo.

Sasa anataka jiwe.

Jumamosi, 12 Julai

Ubena. Nimekwenda mwenyewe.

Maganga amenikumbusha kwamba tukichukua changarawe kule, kwenye korongo kavu nyuma ya kijiji, huwa kuna mawe meusimeusi yanaharibu chekecheo. Makali, yanakata nyavu. Nikasema twende tukayaone. Yeye Mnyamwezi, mimi Mkwere, watani toka enzi za mababu. Njia nzima hakunipa nafasi.

"Bosi, gumegume unalifuata Ubena la nini? Si ulilipa talaka moja juzi tu, lile lililokuwa linalala mpaka saa nne?"

Nilicheka. Talaka alinipa huyo mume mwenyewe, na ni miaka tisa. Lakini nilicheka, nadhani kwa mara ya kwanza wiki hii.

"Na ninyi Wakwere," akaendelea, "mnamiliki mbuga nzima ya miti, mmeshindwa kuwasha moto mpaka Mnyamwezi awaendeshe! Jengeni sanamu yangu pale Miono."

"Tutajenga kwa kokoto ulizoiba."

Akapiga honi kwa furaha.

Korongoni jua kali. Nimeinama kwenye changarawe tangu saa nne mpaka adhuhuri. Mawe kumi na manne yana sura ile. Mengine rangi ya asali, mengine kama wino. Ganda jeupe. Nikagonga moja kwa jingine, likavunjika kama chupa. Nikatoa nondo. Mapigo ishirini. Sifuri. Jingine, sifuri. Nimepiga yote kumi na manne mpaka kiganja kikachubuka.

Hakuna hata cheche.

Maganga hakutania kurudi. Nilipofika uani nikamwaga kiroba chote kwenye lundo la kokoto. Nimemtumia Shabani ujumbe: sijapata. Amejibu: pole dada. Neno moja na jingine. Haya.

Jumapili, 13 Julai

Nimefanya ujinga ambao anaufanya muuza vifaa vya ujenzi peke yake.

Nimempigia mama mdogo, Bi Mwanahawa, mdogo wake mama. Ndiye aliyebaki wa kizazi chao. Nikamweleza nilivyopiga na nilichopigia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nondo? Mwanangu, nondo ni chuma cha kulala kwenye zege! Hiyo haitoi moto hata uipige kwa kichwa. Chuma cha moto ni tupa. Tupa ya seremala iliyochakaa. Kile cha mama yako ni nini, kama si tupa ya baba yake imekunjwa?"

Nilijua. Nilikiona kile chuma utotoni, kimekunjwa kama kulabu, na mistari ya tupa bado imo. Lakini mkono wangu umezoea nondo. Mimi nondo naijua kwa milimita, nikafikiri chuma ni chuma.

Nikakimbilia lundoni na tupa ya fundi. Lundo halipo. Asubuhi, wakati nafua, vijana walipakia mzigo wa Zinga. Nimempigia fundi wa Zinga. Jamvi la msingi, zege la kulazia sakafu, limemwagwa saa sita.

Mawe yangu kumi na manne yako kwenye nyumba ya mtu. Ikiungua nyumba ile nisisikie mtu anauliza.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikaacha, maana kicheko cha mtu mmoja kwenye nyumba ya vyumba vinne kinarudi vibaya.

Jumanne, 15 Julai

Ubena tena. Safari hii na tupa.

La tatu kuokota. Si kubwa, linajaa kiganja. Nikalivunja, nikapata ukingo mzuri. Nikapiga kwa kuteleza, tupa inashuka juu ya makali, siyo kugongana. Pigo la pili zikaruka. Nyekundu, zikafa hewani. Mapigo kumi, saba yametoa cheche. Nikahesabu tena kuhakikisha. Kumi, nane.

Maganga alikuwa barabarani anaongeza upepo. Nilikuwa peke yangu korongoni. Nikasema kwa sauti, "Mama, tazama." Nikaona aibu.

Nimeliweka kwenye mfuko wa ndani wa gauni. Limekaa kwenye paja njia nzima, linachoma kwa ncha. Sikulihamisha.

Ijumaa, 18 Julai

Jiwe liko mezani siku ya tatu. Nimefanya mazoezi. Kucha ya gumba imeondoka nusu.

Wazo la jana: nimpe Maganga alipeleke, mimi nibaki na kazi. Wamepata jiwe, basi. Nikampima mama mdogo kwa simu.

"Jiwe bila mkono ni jiwe tu," amesema. "Apige nani? Mimi mikono inatetemeka. Shabani mwanamume. Njoo. Na ulilonalo, liseme. Nakujua tangu unanyonya, unakaa na jambo kama kuku na yai bovu."

Kumbe ameona. Miaka miwili, ameona, akanyamaza naye.

Nitakwenda. Na nitasema. Nimeshaitunga, nimeikata mpaka imebaki sentensi moja: *Shabani, nilikuomba unisubiri, ukasema sawa, njoo, ukamzika mama bila mimi.* Sitaki mali. Sitaki shamba. Nataka ajibu mbele za watu.

Nimeisema mbele ya kioo mara kadhaa. Sauti haitetemeki tena.

Jumapili, 20 Julai

Naandika kwa mama mdogo, amelala. Mkono bado unanuka moshi.

Watu walijaa uani. Mwalimu wa madrasa alisoma dua kwanza, akaonya kwamba moto huu ni ada tu, siyo ibada, kisha akasogeza kiti chake mbele ili aone vizuri.

Wa tumbo letu tumebaki watatu. Mama mdogo, mimi, Shabani. Kata ikazunguka, tukabeba maji. Anayepiga moto anatema mwisho.

Shabani alitema haraka. "Sina neno."

Mama mdogo akatema. "Mimi ninalo. Chumba changu umekielekeza chooni. Niliuguza dada yangu miaka mingapi, leo nilale nanusa choo?" Watu wakacheka. Shabani akasema, "Nimekosa, mama mdogo. Mlango nitaugeuza." Kwisha. Rahisi vile. Niliona inavyofanya kazi.

Ikabaki mimi. Na Maganga, mtani asiye na breki, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Fanyeni haraka, tuna njaa! Wakwere ninyi kuzika mnakwenda mbio, kuwasha moto mnajivuta!"

Uani wote ukaangua kicheko. Utani hauna kesi. Lakini yeye alikuwa Vigwaza siku ile, chini ya gari. Anajua alichokisema. Alinifungulia mlango wazi kabisa. Shabani alicheka na wenzake, kisha akatazama chini, akawa anachora udongo kwa kidole cha mguu.

Na mimi nimejaza maji mdomo mzima.

Nikatema. Sentensi ilikuwa pale. Nikaona nyuso. Mama mdogo, kilemba cha mwalimu, wake za watu na watoto mgongoni. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Sina neno."

Sijui kwa nini. Uoga. Mimi niliyemfukuza afisa wa mizani kwa maneno matupu.

Nikajisemea, basi moto utanisema. Hautashika, wataniuliza, nitasema. Shabani akaleta usufi kwenye kopo la maziwa, umeunguzwa kidogo, mweusi. Nikapiga. Pigo la kwanza cheche zikaanguka pembeni. La pili pia. La tatu, hewani. La nne moja ikatua kwenye usufi, ikakaa, ikatanuka kama jicho linafumbuka. Nikapuliza. Nyasi kavu. Vigelegele.

Shabani alilia. Alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele za watu. "Mmeona wenyewe! Moyo wa dada yangu mweupe! Da Zuhura amenisamehe!"

Nikatabasamu. Nini kingine.

Moto umenitolea ushahidi wa uongo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimerudi. Vijana wamefyatua mia mbili tu nikiwa sipo.

Sikujua hesabu hii ingetoka hivi. Nilikwenda kudai jibu, nimerudi nimesamehe. Mbele ya Miono nzima. Nikilitaja sasa nitaonekana mchawi, mtu aliyeapa huku anaficha. Lile neno lilikuwa langu miaka miwili, nalifahamu kuliko mume niliyekuwa naye. Limechukuliwa kwa mapigo manne.

Maganga alipozima gari uani akasema, "Bosi, mimi nilijitahidi." Nikamwambia akaoshe gari.

Jumapili, 27 Julai

Shabani anapiga kila siku. Kila siku! Mahindi yameanza kukauka, mama mdogo ameshahamia, mlango umegeuzwa, mafiga yanavuta moshi vizuri. Ananiita da Zuhura kwa sauti ya mtoto, ile aliyokuwa nayo nikimbeba mgongoni kwenda kisimani. Anataka kujua nimekula nini.

Hakuna mtu ameniuliza nimekula nini tangu mama.

Namjibu. Nakata simu. Halafu hasira inakuja, kwa sababu furaha yake ameipata kwangu na mimi sikumpa.

Leo nilimsikiliza anacheka na nikataka kumwacha hivyo hivyo. Angeishi vizuri. Mimi ningeongeza upweke juu ya upweke, nimezoea. Lakini nikijumlisha, naona kila simu atakayopiga itakuwa anaongea na mtu ambaye hayupo.

Ijumaa, 1 Agosti

Amepiga baada ya magharibi. Ameanza na mahindi. Nikamkata.

Nikasema, "Shabani, ule moto uliwaka kwa sababu usufi ulikuwa mkavu. Jiwe zuri, tupa nzuri, usufi mkavu. Hakuna kingine."

Nilisikia anavuta kigoda, anakaa.

"Najua, da Zuhura," akasema. "Niliuanika mwenyewe, kila siku juani, nauingiza ndani jioni usipate umande. Niliogopa usishike."

"Kwa nini uogope? Wewe ulisema huna neno."

"Mimi sina. Wewe unalo. Nilijua hutalisema, na nilijua moto ukikataa watakugeukia wewe. Nikaona bora uwake."

Nikakaa chini. Nilikuwa jikoni, nikakaa sakafuni.

"Mbona ulilia?"

"Nililia. Nilitaka iwe kweli."

Kisha akasema, "Haya. Liseme."

Nikalisema. Sentensi ile ile, ikatoka imevunjika vipande, na sauti ilitetemeka sana. Hakunikatiza. Nilisikia kuku kwake wanapanda kulala.

Akajibu polepole. Kwamba watu walikuwa wanamwuliza, dada yenu yuko wapi, na yeye anajibu yuko njiani. Wakasema, huyo siku zote yuko njiani. Akaona haya. Kwamba siku zote za ugonjwa yeye alikuwa pale akimgeuza mama kitandani, na mimi natuma pesa tu. Wakati wa kubeba, mtu akauliza, tumsubiri? Na yeye ndiye aliyesema, tubebeni.

"Ningeweza kusubiri," akasema. "Sikutaka."

Hakuomba radhi. Mimi sikusema nimesamehe. Nilimwuliza mama alikuwaje usoni, alipofunuliwa mara ya mwisho. Akaniambia. Akaniambia yote, pamoja na kidevu kilivyofungwa, na kwamba upande mmoja wa paji walimwekea karafuu maiti nyingi kupita kiasi, na mama mdogo akagomba. Alieleza kwa muda mrefu, bila haraka, mpaka nikamwona.

Kisha tukaagana.

Nimekaa na simu mkononi mpaka ikapoa.